Karafuu Safi

Mwalimu hakuwa akicheka. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo linalobishaniwa hapa Mgogoni, Pemba, tangu tulipomzika. Mtu aliyewachekesha wenziwe umri wake wote, aliyeandika riwaya ambazo wagonjwa walizisoma wodini mpaka wauguzi wakaja kuwanyamazisha, yeye mwenyewe hata kutabasamu hakutabasamu. Atakutazama unavyovunjika mbavu, ametulia kama anayesubiri zamu yake kwa kinyozi, halafu atakuuliza, "Umemaliza?" Ukimwambia umemaliza, anaendelea kusoma pale alipoachia.

Jina lake nitaliacha alipoliacha yeye, kwenye vyeti. Kwetu alikuwa Mwalimu tu. Mkewe, Bi Raya, alimwita Mwalimu. Mwanawe Faki alimwita Baba wakiwa wawili, na Mwalimu mbele za watu, na nafikiri hapo tayari pana jambo.

Faki naye ni mwandishi wa riwaya za kuchekesha. Yuko Unguja, na vitabu vyake vinasomwa kuliko vya baba yake vilivyowahi kusomwa. Katika kitabu chake cha pili alimtia baba yake ndani, mzima mzima, na kanzu yake na koti lake, watu wakamcheka. Basi ubishi wa Mgogoni ni huu: Mwalimu alikipenda kitabu kile, au ameondoka duniani na kinyongo na mwanawe? Wanaoapa kwamba ni kinyongo hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nyumba yetu na yao zinatazamana milango, na karafuu zenyewe zilikuwa za mamangu.

Lakini mtu hasimuliwi kwa siku moja. Nitafika huko.

Koti, kwanza. Mwalimu alikuwa havai koti kwenda skuli, wala kwenda mjini Chake. Alivaa koti kuandika. Akishasali alfajiri, watu wengine wanarudi kulala au wanashika njia ya shamba, yeye anaosha miguu, anavaa kanzu ya Ijumaa, koti juu yake, kofia ya kiua, kisha anakaa kwenye meza inayotazama ukuta. Mimi kazi yangu ni kushona kofia, na asubuhi moja nilimpelekea aliyoniagiza, nikamkuta amejipamba hivyo. Nikamuuliza, "Mwalimu, kuna harusi?"

"Hakuna. Nnaandika."

"Na koti la nini?"

Akaweka kalamu chini, maana kila swali alilijibu kwa heshima zote, hata la kipuuzi. "Mize, kumchekesha ntu ni kumvua nguo mbele za watu. Basi katika nyinyi wawili, mmoja lazima awe kavaa."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Akaningoja. "Umemaliza? Hebu kofia tuione."

Skuli alisomesha hesabu, si Kiswahili. Waliosoma kwake watakwambia kwamba somo lile lilikuwa kavu, halina mzaha hata chembe, na kwamba kichekesho kwake kilikuwa hesabu vilevile. Jibu likikosea, hakuna nusu maksi. Aliweza kukaa wiki na sentensi moja. Bi Raya alikuwa akisema kwamba wanawake wengine wana wake wenza, wanajua pa kuwashitakia, ila yeye mke mwenziwe ni sentensi.

Alikuwa na sheria yake kwamba hamcheki masikini, wala kiwete, wala mwenye akili pungufu. Aliwacheka wenye vyeo. Riwaya yake iliyopendwa zaidi ilikuwa ya mbuzi aliyemeza muhuri wa sheha, yule mkubwa wa serikali mtaani. Muhuri hakuna, basi barua haiandikwi, shamba haliuzwi, bwana harusi haoi, kila kitu kinamsubiri mbuzi. Watu wanamfuata na beseni, wanamlisha majani mororo, mwisho wanaanza kumwamkia. Sheha wa wakati ule, wa kweli, alikisoma kitabu akaja kwa Mwalimu amefura, akauliza kama yule ni yeye. Mwalimu akamuuliza, "Wewe una mbuzi?" Sheha akasema hana. "Basi si wewe," akasema Mwalimu, akaagiza chai.

Na sheria hiyo hiyo aliivunja ndani ya nyumba yake. Katika kila kitabu chake yumo mke anayezidisha chumvi. Bi Raya ndiye mpishi hodari kupita wote mtaani kwetu, na mpaka leo watu wasiomjua wakialikwa kwake wanaonja kwa ncha ya ulimi. Niliwahi kumuuliza kama amevisoma vitabu vyenyewe. "Mimi nimeolewa naye," alinijibu, "nimeshasoma." Ramadhani moja alimpikia uji wa chumvi kama ule wa kitabuni. Mwalimu alikunywa bakuli zima, akafuta midomo, akasema, "Kumbe niliandika kweli." Bi Raya anaisimulia hadithi hiyo mpaka leo, na kila akiisimulia anainua upande wa kanga kufuta macho.

Mimi pia nina changu cha kumkumbukia. Babangu alipofariki, mamangu aliacha kula. Watu walikuja, wakasoma, wakaondoka. Siku matanga yalipokwisha, Mwalimu alikuja alasiri, na koti lake, akaomba ruhusa, akakaa kwenye jamvi mbali kidogo na mamangu, akafungua sura ya mbuzi. Alisoma kwa sauti ile ile ya kusomeshea hesabu. Mamangu alikuwa ameinamisha kichwa. Ilipofika pale mbuzi anapopigiwa shikamoo, mabega yake yakaanza kutikisika, mimi nikadhani analia. Alikuwa anacheka, tena amejikasirikia kwa kucheka. Mwalimu akafunga kitabu. "Umecheka, Bi Saada. Sasa ule." Mamangu akala. Kwa hilo mimi nimemsamehe Mwalimu mambo mengi, na hata lile la Faki.

Sasa nieleze desturi yake ya karafuu, kwa asiyekulia huku. Karafuu hutoka mtini kwa vishada. Wachumaji wakirudi, vishada vinamwagwa jamvini, watu wanakaa kuzunguka na kuchambua: karafuu kwenye ungo, makonyo kwenye kikapu. Makonyo ni vile vijiti vilivyoshika karafuu. Ni kazi ya vidole, akili iko huru, ndiyo maana inakwenda na mazungumzo. Mamangu ana mikarafuu na ana sakafu ya kuanikia, kwa hiyo kila msimu mtaa mzima ulichambulia kwetu. Na Mwalimu, kila alipokuwa na riwaya mpya, aliisomea hapo kwanza, kabla haijaonwa na mchapaji yeyote.

Hakusikiliza kicheko. Alisema watu wa Pemba wana adabu, watakuchekea kwa kukuonea haya. Alichokitazama ni ungo. Sura ikiwa nzuri kweli, vidole vinasahau kazi, makonyo yanaingia kwenye karafuu na karafuu zinaingia kwenye makonyo. Akimaliza kusoma alizunguka ungo kwa ungo, ameinama, mikono nyuma, kama anakagua madaftari. Akikuta chafu, anaipeleka sura kwa mchapaji. Akikuta safi, anaichana.

Mamangu aliteseka. Kituoni zinakouzwa wanapima na usafi, na karafuu yenye makonyo hushushwa daraja. "Mwalimu," alikuwa akimwomba, "leo usisome, baba. Kesho nnapeleka mzigo." Mwalimu anaitikia kwa heshima, anakaa kitako, anafungua karatasi.

Faki alikuwa ndiyo kwanza amemaliza skuli. Mimi na yeye ni rika moja, tumekua pamoja. Alikuwa kijana mwepesi wa kusema, uongo wake mtamu, anaiga sauti za watu wote wa mtaa isipokuwa ya baba yake. Nilijua kwamba anaandika, alinieleza. Nilijua pia kwa nini anaandika, hilo hakunieleza lakini ungelijua wewe pia kama ungemwona mezani kwao. Akisema jambo la kuchekesha, mama yake anacheka, mimi nacheka, yeye anamtazama baba yake. Tangu mdogo alikuwa hivyo.

Alasiri moja ya msimu, Mwalimu hakufungua karatasi zake. Akasema, "Leo atasoma Faki." Kumbe Bi Raya alikuwa amemwambia kwamba mwanawe anaandika.

Faki alisoma kisa cha bwana harusi aliyepotea njia akaingia harusi ya mtu mwengine. Kisa si kibaya. Ila Faki mwenyewe alikuwa anacheka kabla hajafika penye kicheko, anatuangalia, anakimbilia mbele, masikio yamemwiva. Nilijitahidi kucheka, Mungu ananiona. Watu walitabasamu kwa adabu na vidole vikaenda mbio. Alipomaliza ilikuwa inasikika karafuu tu, ikianguka ungoni.

Mwalimu akainuka. Akazunguka. Akafika kwenye ungo wangu, akateka gao la kiganja, akalitazama, akaliachia.

"Karafuu safi," akasema.

Mamangu, maskini, hakuwa akifuata jambo zaidi ya mzigo wake. Akainua mikono. "Alhamdulillahi! Kesho asome yeye tena."

Hapo ndipo watu walipocheka. Kicheko kikubwa, cha siku nzima. Faki alikunja karatasi zake akaenda zake, na kabla msimu haujesha alikwisha panda boti kwenda Unguja. Neno likabaki. Timu ikifungwa, karafuu safi. Biashara ikilala, karafuu safi. Mpaka watoto wasiojua lilikotoka wanalitumia.

Nilikasirika na Mwalimu kwa muda mrefu, na sikumficha. Nilimwambia, "Ungemwambia jambo jengine, japo moja. Ni mwanao."

"Jambo gani?"

"Kwamba ni nzuri."

"Ningenwambia ni nzuri, angebaki hapa, kila mwaka ananletea kama ile. Mimi n'takufa. Kicheko cha kumwonea haya atabaki nacho yeye." Akasita, na Mwalimu alikuwa si mtu wa kusita. "Lakini sikumtuma Unguja, Mize. Hilo sikumtuma."

Nikaona kwamba na yeye ameumia. Sikuacha kukasirika, ila nilianza kukasirika kwa huruma.

Faki alikuwa akija Idi, akisalimu, akila, akiondoka. Kuandika hakukutajwa. Kisha zikaja hizi simu, na Faki akaanza kusimulia visa kwa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Mgogoni. Akirusha kisa, mtaa mzima unakisikia kabla ya chai. Mwalimu simu yake ilikuwa ya tochi. Basi akaanza kuwa na haja ya kofia.

"Mize, ile kofia yangu umefika wapi?" atauliza mlangoni, kila asubuhi kisa kinaporushwa. Anakaa. Anatazama nilivyoshona. Haombi, wala haondoki, mpaka niguse simu na sauti ya Faki itoke. Anasikiliza ameelekea ukutani. Mwanzoni alikuwa akisema, "Pumzi. Anavuta pumzi pasipo pake." Baadaye akawa anasema, "Hm." Baadaye zaidi akawa hasemi, anainuka tu anasahau kuulizia kofia. Mwalimu aliniagiza kofia kuliko kichwa kimoja kinavyohitaji, na nyingine Bi Raya amezigawa juzi kwa masikini.

Nilimwambia Faki kwenye simu, "Baba yako anakusikiliza. Anakuja kwangu kwa ajili hiyo."

"Anacheka?"

Ningesema nini? "Hacheki. Lakini anakuja."

"Anakuja kukagua," akasema Faki.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka kikapendwa. Cha pili ndicho hicho. Ni cha mwalimu mmoja mzee, mwandishi wa mizaha, anayevaa koti kuandika na asiyecheka. Iko sura anakwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Mpiga picha anamwambia, mzee, tabasamu kidogo. Mzee anakataa. Anasema hawezi kutabasamu bila ya sababu, na kwamba sababu haijaletwa. Foleni nzima inaanza kumtafutia sababu. Kila mtu anatoa kisa chake, mmoja baada ya mwengine, ofisi inacheka, mpiga picha mwenyewe anacheka mpaka mikono inatetemeka, na picha za siku ile zote zinatoka ukungu, isipokuwa ya mzee. Mji mzima unapewa vitambulisho visivyoonyesha sura. Basi ikawa kila anayekwenda benki au bandarini lazima amchukue mzee, kwa sababu yeye peke yake anajulikana ni nani, akamshuhudilie kwamba na yeye ni mtu.

Nilikisoma cherehani imesimama. Koti lilikuwa lile, sauti ile ile, "umemaliza?" ile ile. Mgogoni nzima ilicheka na huku inauchungulia mlango wa Mwalimu.

Nakala ya Mwalimu, Faki aliileta Idi kwa mkono wake. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka dirishani, juu ya msitari wa vitabu vyake. Ikakaa. Waliopenda fitina walimwendea, wakamwambia, Mwalimu, mwanao kakuanika. Yeye jawabu lake moja, "Nnakisoma taratibu."

Faki akawa ananipigia. Kwanza kwa mzaha, halafu mzaha ukakatika. "Kasema nini?" Hajasema, Faki. "Mwaka huu wote?" Hajasema. Mara ya mwisho akasema, "Mize, mimi nimechekesha watu nisiowajua mpaka Mombasa. Yule mmoja tu sijamweza. Na sasa nimemuudhi." Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na sauti yake ilikuwa ya yule kijana wa jamvini. Iliniuma sana.

Siku chache baadaye Mwalimu alipita kwangu na kofia nje ndani. Kofia niliyoishona mimi, nyuzi zote za chini ziko nje, vifundo vinaning'inia. Mtu yule ambaye hajawahi kutoka na kifungo kimelegea.

"Mwalimu, shikamoo. Kofia umeigeuza."

"Marahaba. Nimeigeuza kusudi. Nimechoka na upande ule."

Sikucheka. Nilinyanyua donge la uzi mwekundu na la kijani, nikamwomba anichagulie. Akanyoosha mkono hewani, ukapita pembeni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla ya Idi ile." Macho yalikuwa yamekwisha kidogo kidogo, na daktari alishamwambia kwamba hayarudi. Bi Raya alijua. Mtaani kote alikuwa anatembea kwa kuhesabu hatua, watu wasijue.

"Kwa hivyo kitabu cha Faki hujakisoma! Mwalimu, mtoto anateketea kule. Kwa nini hukusema? Ningekusomea mimi. Bi Raya angekusomea."

"Bi Raya hasomi riwaya, anasoma msahafu, na kila nnapomwomba ananambia chumvi yake kwanza." Akaivua kofia, akaipapasa, akaigeuza sawasawa. "Na wewe hapana. Kitabu cha nyumba yetu husomwa na mwenyewe, mbele ya karafuu. Hakijasomwa hapo bado hakijawa kitabu. Mimi nnamngoja aje."

"Yeye anakungoja wewe."

"Basi ndo hivyo," akasema. "Wote tumekaa kitako."

Jioni ile nilimpigia Faki nikamweleza yote. Ulikuwa mwaka wa karafuu nyingi, na boti ya Ijumaa alikuwamo.

Siku zile mtaa ulishajua la macho, na Mwalimu alikuwa tayari anachambua na sisi. Tulimpa ungo na kikapu, na ajabu ni kwamba alichambua vizuri kuliko wenye macho. Vidole vyake vilijua. Siku moja kabla Faki hajaja, mamangu, ambaye naye sasa ni bibi kizee lakini jicho lake kwenye karafuu halijazeeka, aliinua ungo wa Mwalimu akatuonyesha sote. "Tazameni! Hamna konyo hata moja. Na nyie wenye macho nnakuleteeni chai ya nini?"

Faki alifika, akamwamkia baba yake, akambusu mkono. Hawakuzungumza la kitabu. Alasiri akaja kwetu na nakala ile ya dirishani, akakaa pale pale alipokaa zamani. Mwalimu alikuwa mbele yake, na kanzu ya Ijumaa na koti. Wa kuandika hakuwa yeye, lakini nafikiri alijua nani atavuliwa nguo.

Alisoma sura ya kitambulisho. Faki yule wa zamani hakuwepo. Alisoma bila haraka, uso mkavu, pumzi zikiingia mahali pake, na nilipofumba macho nilimsikia Mwalimu. Watu walianza kuanguka kwa kicheko mapema. Mmoja alikwenda nje akarudi. Mamangu alikuwa anajipigapiga paja na kusema, "Ndo yeye! Wallahi ndo yeye huyu!" huku anamwonyesha Mwalimu kwa kidole. Na Mwalimu ameinama kwenye ungo wake, vidole vinakwenda, uso umetulia. Faki kila akigeuza ukurasa alimtazama. Kila akimtazama, hakuna kitu.

Alipofika mwisho, watu wanapangusa machozi, Mwalimu aliinuka, akaomba maji ya kuoshea miguu, magharibi inakaribia. Akaongozwa mpaka kwenye mtungi. Faki alifunga kitabu. Akanambia polepole, "Umemwona? Hata jicho." Alijaribu kulisema kama mzaha.

Nilianza kukusanya. Ungo wangu haukufaa kitu, wa jirani yangu pia. Nikachukua wa Mwalimu niumimine kwenye jamvi la kuanikia, mkono wangu ukasimama. Makonyo. Ungo umejaa makonyo, na karafuu zimechanganyika humo ovyo ovyo. Nikatazama kikapu cha makonyo: karafuu tupu, nzuri, nene, zimetupwa. Hakukuwa na gao moja lililokuwa sawa.

Mamangu alikwisha niona. "Nani kanharibia hivi? Ungo wa nani huo?"

"Wangu, Bi Saada," akasema Mwalimu kutoka mtungini.

Mamangu akalainika. "Ah, basi. Macho hayo, Mwalimu. Si makosa yako."

Mwalimu alimimina maji kwenye mguu wa pili, akausugua vizuri. "Macho yangu ni yale yale ya jana," akasema. "Jana zilikuwaje?"

Faki alikuwa amesimama katikati ya jamvi na kitabu mkononi. Alitazama ungo, akatazama kikapu, akamtazama baba yake aliyempa mgongo.

"Baba," akasema. Mbele za watu wote.

"Karafuu chafu, Faki. Chafu sana. Kesho soma inayofuata."

Mamangu alipiga kelele kwamba kesho hasomi ntu katika nyumba hino. Lakini kilisomwa kitabu chote, mpaka ukurasa wa mwisho, na karafuu yetu ya msimu ule ilishushwa daraja kituoni. Mwalimu hakufika msimu mwengine. Naye hakucheka, hilo ni kweli, wanaobishana wabishane.

Faki aliziomba karafuu za ule ungo. Mamangu akamwambia achambue kwanza. Hakuchambua. Alizianika vilevile na makonyo yake, akazitia kwenye chupa ya kioo, akaenda nazo Unguja, ziko mezani pake anapoandikia. Wageni huichukua chupa, huitazama, na humwambia kwamba karafuu zake chafu. Faki hujibu, "Alhamdulillahi."